Simba wa Ami na Muuza Kahawa

Miongoni mwa viumbe waliojaaliwa kuishi na binadamu, sidhani kama yuko anayeng'ang'ania itikadi za utotoni kama mbwa. Kwani aliyoyazoea angali kilebu huyahesabu kuwa ndiyo dunia, na yaliyosalia yote ni uadui mtupu. Maulamaa wa elimu ya tabia za mbwa, Scott na Fuller, waliofanya utafiti wao huko Bar Harbor, Marekani, na kuutoa kitabuni mwaka 1965, walibainisha kwamba wakati wa kuzoea huanza kwenye juma la 3 hivi na kuelekea ukingoni kwenye juma la 12. Na vilebu waliotengwa na watu hadi juma la 14 ilikuwa taabu kubwa kuwafuga.

Simba, mbwa wa ami yangu wa Tanga, majuma hayo yote aliyamaliza uani. Daktari wa mifugo alikuwa amekataza asikanyage njiani mpaka chanjo zikamilike, jambo la haki, ila hakukataza apakatwe akaonyeshwe watu na magari. Lakini ami, ambaye kwa madhehebu ya Imamu Shafi mate ya mbwa yangemlazimu kuosha mara 7, moja kwa udongo, hakuwa mtu wa kupakata. Basi ulimwengu wa Simba ukawa ni ukuta, seredani, kanzu ya ami na buibui la shangazi.

Alasiri moja ami amekaa barazani na wageni wake, maalimu mmoja akiwemo, kashata zimeshapangwa sahanini, akatokea muuza kahawa na dele lake, akivigonga vikombe vyake kama ilivyo ada. Simba, aliyekuta mlango wa ua haukukomewa, aliposikia mlio ule hakubweka wala hakuuma, bali alitimka mbio akajitosa chini ya kanzu ya ami, mkia ukabaki nje. Wageni wakainuka kwa pamoja, kanzu wamezipandisha magotini. Ami akasimama mbele ya maalimu ana miguu sita, huku shangazi akiulizia udongo.

"Mzee," muuza kahawa akasema kwa adabu, akitazama kahawa iliyomwagika, "na hii nayo nani atailipa?"

Ami alilipa, kisha akapatana naye awe anasimama ng'ambo ya njia, agonge vikombe taratibu huku Simba akipewa kipande cha nyama, na kila siku asogee kidogo. Dawa hiyo ilifaa, ingawa ami alipokwenda Pemba kwa muda mrefu na Simba akafungiwa tena, hofu ilirejea ikabidi kuanza upya, maana mazoea ya mbwa hayana kuhitimu. Leo anampenda muuza kahawa kuliko anavyompenda ami, na ami hilo limemuudhi.

Ila katika mazoezi hayo, mwavuli bado hatujaufikia. Kwa hiyo yeyote atakayetuzuru wakati wa masika, tafadhali aukunje angali kwenye kona, avumilie mvua, kisha abishe hodi kwa sauti.