Mpagazi wa Sketi

Kamati ya sendofu ya mpwa wangu imepitisha kwamba wanawake wote wa upande wetu watavaa lehenga. Kitenge kimekataliwa, ingawa kitenge fundi yeyote wa Tabora anakimaliza hata umeme ukikatika. Wanataka ile sketi ndefu ya Kihindi, marinda hadi sakafuni, pindo la zari, vioo vidogo vya duara, puleki kila mahali, na kiblauzi chake na mtandio wake. Rangi ni zambarau ya kifalme. Hilo la ufalme aliliongeza dada yangu, mama wa bibi harusi, na bei nayo ikapanda papo hapo.

Mimi kwenye kamati simo. Nimo kwenye orodha ya wachangiaji, ambako ushauri hauombwi. Lakini ilipojulikana kwamba nakwenda Dar es Salaam kikazi, kundi zima la WhatsApp lilipiga vigelegele vya vidole. "Mjomba atatubebea!"

Kariakoo muuzaji alinifungulia moja baada ya nyingine. Hii ya mashine, hii ya mkono. Ya mashine vioo vyake ni plastiki, vimebandikwa kwa gundi. Ya mkono, nikiri, ilininyamazisha. Kioo hakina tundu la kupitishia sindano, kwa hiyo mdarizi hukizungushia nyuzi pembeni mpaka zikishike kama kucha, kimoja kimoja, sketi nzima. Kazi hiyo ni ya wanawake wa Kutch, magharibi ya India. Pindoni kulikuwa na gota ya Rajasthan, utepe wa dhahabu uliokatwa na kukunjwa kuwa majani madogo madogo, kisha ukashonewa. Nikauliza bei. Nikarudi kwenye za gundi.

Bibi harusi peke yake ndiye aliyenunuliwa ya mkono. Hizo nyingine, tangu zimeingia nyumbani kwangu, zinapukutika. Juzi nimetafuna puleki ndani ya mboga ya nsansa, na mama watoto akasema nisiiteme ovyo, itarudishiwa mahali pake.

Tuje kwenye uzito. Pale kituo cha mabasi konda alilinyanyua furushi, akalitua, akanitazama. "Mzee, humu kuna nini?" Nguo. "Nguo za chuma?" Nikalipia mzigo. Na kwa kuwa shari haiji peke yake, mtani wangu mmoja Mzaramo, aliyekuja kunisindikiza, alitoa simu akanipiga picha nikiwa na furushi begani. "Mnyamwezi karudi kazini," akasema, akaituma kwa watu ninaowaheshimu.

Utani huo una historia, ndiyo maana uliuma. Karne ya 19 nguo nyingi zilizokuja bara kwa njia hii zilikuja mabegani mwa watu. Wazee wetu wa Unyamwezi walikuwa wakibeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kutoka pwani hadi Kazeh, ambayo ndiyo Tabora hii. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walianza safari yao pwani Juni 1857 wakafika hapa Novemba. Mizigo ilikuwa merikani, kaniki, barsati, debwani. Hata Uhindi wenyewe si mgeni kwetu: Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka Surat, alikuwa na maskani yake hapa Kazeh, na forodha ya Zanzibar siku hizo ilikuwa mikononi mwa Ladha Damji, mtu wa Kutch, huko huko kunakotoka vioo vyangu.

Tofauti ni kwamba wapagazi wale walilipwa. Tena walilipwa nguo, na nguo ilikuwa fedha. Ukiwa na shuka unanunua chakula. Ukiwa na doti, yaani shuka mbili, una heshima zako. Ukifika Ugogo unatoa hongo kwa mtemi, unapita na kupewa maji. Mimi Ugogo nimepita ndani ya basi, Dodoma hakuna aliyenidai kitu isipokuwa wauza zabibu dirishani. Hongo nilikuja kuitoa nyumbani. Shangazi mmoja alidai yake haina vioo vya kutosha, mwingine alidai fidia ya kiblauzi kuishia juu ya kitovu, na shemeji, baba wa bibi harusi, akaniuliza kama risiti ninayo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema eti tumeendelea. Doti ya mwaka 1857 ilikuwa ikizunguka: leo mshahara, kesho mtama, keshokutwa hongo, na bado inavaliwa. Lehenga ya gundi inavaliwa usiku mmoja, inapigwa picha, kisha inakaa kabatini kwa sababu sendofu inayofuata rangi itakuwa nyingine. Nilijaribu kumlipa fundi cherehani wangu kwa mtandio mmoja wa ziada. Aliupapasa kwa adabu, akaukunja vizuri, akanirudishia, akasema yeye anapokea kwa simu.

Fundi huyo huyo ndiye aliyeitwa jana kupima. Wote zimewakaa, isipokuwa dada yangu, ambaye alituma kipimo cha kiuno chake cha enzi za ujana. Fundi amezungusha futi mara mbili, ameisoma namba kwa sauti ya chini, dada amemwambia arudie kupima, amerudia, namba imeongezeka. Sasa lazima kiungwe kipande ubavuni, cha zambarau ile ile, chenye puleki zile zile.

"Kaka," dada ameniambia, kwa ule upole wake wa hatari, "si ulisema duka unalikumbuka?"