Shangazi wa Maua Akujibu

*Shangazi, binti yangu aliye Minnesota ana miwaridi ya kizamani inayolala chini ya theluji na kuamka ikiwa hai. Anataka kuniletea vijiti vya kupanda, avifiche sandukuni. Vitashika huku Mutomo?*
– Mama Mwenye Punda Mmoja

Mama, asifiche chochote. Mmea wa kupanda hauingii nchini bila kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea. Tena, hata ukiingia kihalali, mwaridi wa theluji kama rugosa huvumilia baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri kwa kuwa majira yakiwa mabaya hulala. Mutomo hakuna baridi ya kuulaza. Utakesha mwaka mzima ukidai maji, na atakayekonda ni punda.

Baridi yetu ni kiangazi, kwa hiyo tafuta mmea unaolala kiangazi. Mwaridi wa jangwani humea wenyewe katika nyika za Ukambani: hupukutisha majani, huishi kwa maji yaliyohifadhiwa katika shina lake nene, kisha huchanua bila jani hata moja. Si ndugu wa waridi hata kwa ndoa, lakini wageni hawatauliza. Ukiumwagilia kila siku kwa huruma, utaoza.

*Shangazi, mwaridi wangu mwekundu ulikauka kwa ukame. Mvua ya Novemba imeurudisha, ila sasa unatoa vijiua vyeupe. Nimelogwa?*
– Mwenye Hofu, Wote

Wewe ni mtu wa Makueni na unaniuliza hilo? Mwembe wa Apple uliopandikizwa juu ya mwembe wa kienyeji ukifa, kinachochipuka chini ya kiungo huzaa nini? Basi. Mwaridi ulionunua ulishafariki. Linalochanua sasa ni shina la mwitu lililoubeba. Machipukizi ya chini ya kiungo hung'olewa yakiwa machanga. Safari nyingine omba mche uliooteshwa kwa kijiti, wenye mizizi yake mwenyewe. Huo ukikauka juu na mizizi ikabaki hai, hurudi ulivyokuwa. Mchawi umwombe radhi.

*Shangazi, mbuzi wa shemeji wanamaliza mawaridi yangu. Shemeji anasema miiba itawazuia.*
– Mvumilivu, Kibwezi

Mbuzi anayekula mgunga na miiba yake yote, waridi kwake ni kachumbari. Najua umesikia kwamba utomvu wa mwaridi wa jangwani ni sumu, na kwamba mahali pengi Afrika umepakwa kwenye mishale. Ni kweli, na ndiyo maana haupandwi watoto wanapochezea. Ila ukiupanda kwa nia ya kuwavizia mbuzi, kesi itafika kwa chifu kabla ya ua la kwanza.

Weka seng'enge, umpelekee shemeji bili. Akikataa kulipa, mwalike chakula cha jioni, na usimwambie nyama imetoka wapi.