Jinsi ya Kumkaribisha j Ayany

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi wa uhandisi unayekaa Ayany, hapa Kibera, uliyefungua daftari jana usiku ukakuta nambari changamano zimekaa ukurasani kama wageni wasiotaka kujitambulisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu, j, naye amekuja kukuponya. Mfungulie lango.

Vinavyohitajika: kipande cha chaki, uwanja ulio wazi, miguu miwili na jirani mwenye mota. Kalkuleta iache ndani kwanza.

Hatua ya kwanza: msafishie jina

Mwaka 1545, Mwitaliano Gerolamo Cardano alijaribu kugawa 10 mafungu mawili ambayo yakizidishwa yatoe 40. Akapata 5 ukijumlisha kipeuo cha pili cha −15, na 5 ukitoa hicho hicho. Hesabu ilikuwa sawa, lakini hakuona ina faida gani. Mwaka 1637, Mfaransa René Descartes akazibandika nambari za aina hiyo jina la “za kufikirika”, na jina hilo limetia wanafunzi hofu mpaka leo.

Aliyezitetea vizuri ni mpima ardhi. Andiko la Caspar Wessel, mzaliwa wa Norway, liliwasilishwa mbele ya wanazuoni wa Copenhagen mwaka 1797. Humo alizichora kama mishale, kila mmoja na urefu wake na upande unakoelekea. Sisi wa Kibera tunajua uzito wa kamba ya mpima ardhi. Mwamini huyu.

Hatua ya pili: geuka kushoto

Simama langoni ukitazama uwanja. Nambari halisi ni hatua za mbele na za nyuma. Nayo j ni amri moja tu: geuka kushoto, nyuzi 90. Itii mara moja, unatazama ukuta wa jirani. Itii tena, umeupa uwanja mgongo. Kwa hiyo j mara j ni −1. Itii mara nne, uko vile ulivyoanza. Ukisahau kwenye mtihani, miguu itakukumbusha. Vitabu vya hisabati huandika i, lakini watu wa umeme wanatumia j kwa kuwa i kwao ni mkondo.

Sasa tazama uwanja tena, tembea hatua 16 mbele, geuka kushoto, tembea 12. Miguu yako imehesabu 28. Mwewe anayezunguka juu ya mabati yetu angeruka kutoka langoni mpaka ulipo kwa hatua 20 tu: 16 mara 16 ni 256, 12 mara 12 ni 144, jumla 400, na kipeuo chake ni 20. Piga alama ya chaki hapo. Anwani yako ni 16 + j12. Usiifute.

Hatua ya tatu: mpeleke kwa jirani

Jirani ana mota inayokula stima ya volti 240. Tuseme ukinzani wake ni ohmu 16, na koili yake inaongeza upinzani wa ohmu 12. Ule wa koili hauelekei upande mmoja na ule wa kwanza, kwa sababu koili hukawiza mkondo. Umegeuka kushoto. Kwa hiyo jumla ni 16 + j12: anwani ile ile uliyoipiga chaki.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanajumlisha 28, wanagawa 240 kwa 28, wanapata ampia 8.6. Mwewe anagawa kwa 20 na kupata ampia 12, na mwewe ndiye mkweli. Anayechagua waya kwa hesabu ya 28 atanunua mwembamba mno, na waya huo utachemka. Katika mtaa ambapo ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, hesabu hiyo ina watoto waliolala ndani yake. Ifanye kwa uangalifu wote ulio nao.

Pembe ya mshale wako ni nyuzi 36.9. Stima yetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, basi pembe hiyo ina maana kwamba mkondo unafika milisekunde 2 hivi baada ya volteji. Charles Steinmetz ndiye aliyewaonyesha wahandisi waliokutana Chicago mwaka 1893 kwamba ucheleweshaji kama huo unahesabika kwa aljebra ya nambari hizi.

Hatua ya nne: mtafutie mwenzake

Koili ikigeuka kushoto, kapasita hugeuka kulia. Ukifunga sambamba na mota kapasita ya maikrofaradi 95 hivi, ucheleweshaji unafutika. Mota inafanya kazi ile ile ya wati 2,304, lakini waya wa kuifikia sasa unabeba ampia 9.6 badala ya 12. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo limepungua kwa asilimia 36. Kazi ya mikono mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, maana kapasita huweza kushika chaji hata stima ikizimwa. Wewe mpelekee hesabu.

Hatua ya tano: mtambulishe kwa wengine

Rudi uwanjani. Hiyo nambari waliyoiita ya kufikirika imekwambia waya uwe mnene kiasi gani. Mtoto wa jirani akija kuuliza hiyo alama ni ya nini, usimwambie atasoma akifika chuoni. Msimamishe langoni, mwambie ageuke kushoto mara mbili, kisha umuulize anatazama wapi. Atakujibu vizuri kabla hajajua kwamba hilo ni somo gumu. Mwachie chaki.