Bibi Luku na Taa za Pikipiki

Wewe mwenye shemeji anayejua kila kitu, sogea karibu tulie pamoja.

Wangu tunamwita Injinia. Cheti hana, ana bisibisi. Aliwahi kututengenezea feni, na hadi leo inapuliza dari. Ndiye aliyenikuta Jumamosi nimechuchumaa uani na indiketa nne za LED kutoka Kariakoo, pamoja na utepe wa taa za mchana, ule unaoifanya pikipiki ionekane kama inakwenda harusini.

"Shem, hiyo nusu saa tu."

Mke wangu aliposikia "nusu saa" akaacha kuchambua mchele, akakimbilia kuficha mkasi wake wa cherehani. Akachelewa. Mkasi ule, ndugu yangu, uliingia kwenye ndoa hii kabla ya kitanda, na ulikuwa haujawahi kukata kitu kingine zaidi ya kitambaa. Siku hiyo ulimenya waya.

Saa 6 mchana tukawasha. Indiketa zikapepesa mbiombio kama jicho lililoingia pilipili. Kitinda mimba wangu, tunayemwita Kwanini, akauliza swali lake. Injinia akajibu kuwa ndiyo kasi ya kisasa. Kumbe flasha ya zamani husikilizia mzigo. Ilizoea balbu mbili za wati 10 kila upande, leo imepewa LED zisizofika hata wati 2 kila moja, ikadhani balbu imeungua. Nikarudi Kariakoo, jua la utosi, kununua flasha ya LED.

Mapigo yakatulia. Ila sasa ukiwasha kushoto, zinawaka zote nne.

"Baba, kwa nini pikipiki inakata kona pande zote?"

Mchawi alikuwa kibalbu cha dashibodi. Ni kimoja tu, kinahudumia kushoto na kulia, na umeme wa upande mmoja ulikuwa unapenya humo kuvukia upande wa pili. Balbu za zamani hazishtuki kwa umeme kidogo hivyo, lakini LED huamka kwa tone. Dawa yake ni dayodi mbili, moja kila upande, zikutane kwenye mguu mmoja wa kibalbu, na mguu wa pili uende ethi. Dayodi tulizitoa kwenye redio ya mke wangu. Ilikuwa imekufa miaka, lakini mwenyewe alikuwa hajakubali msiba.

Sasa tufike kwa Bibi Luku. Huyu ni mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimu wiki mbili, mwaka juzi. Kazi aliyojipa hapa ni kulinda mita. Ukisahau taa ya choo, anakutajia uniti zilizobaki mbele ya wageni.

Magharibi Injinia akaunga ule utepe moja kwa moja kwenye betri. "LED haili kitu, shem." Tukaingiza pikipiki sebuleni kama kila usiku, inang'aa buluu. Bibi Luku akaikodolea macho kutoka mkekani.

"Mkwe wangu, hilo dude bado linawaka."

"Mama, hilo halitumii Luku."

"Kinachowaka kinakula."

Nikacheka. Naam, nilicheka, tena mbele ya watoto.

Alfajiri pikipiki kimya, na yangu bila betri haikubali hata upige kiki mpaka goti liteguke. Binti yangu Profesa, kidato cha pili, akanipigia hesabu huku anakunywa chai: utepe wa wati 6 kwenye volti 12 unakula nusu ampea. Saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 10. Betri yangu ni ya ampea-saa 5.

"Utepe umeimaliza yote, baba."

Bibi Luku hakusema neno. Alitazama mita, akatabasamu.

Niliisukuma hadi kwa fundi wa njia panda. Akaichaji betri, akahamishia utepe kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, akaweka na fyuzi, wala hakuomba mkasi wa mtu. Nawe fanya hivyo hivyo. Na kama kwako kuna mlinzi wa mita, mpe sikio kabla hujalala.

Mkasi mpya umenigharimu kuliko indiketa zote nne.