Bendera ya Fisi

Zamani, misafara ya Bagamoyo ilipotoka Rubuga kwenda Unyanyembe, ilipumzika Kigwa. Hapo palikuwa na mninga mkubwa, na mwenye mninga alikuwa Nyani. Ndege mafundi walikaa matawini. Mwenye msafara akitaja kazi, wao wakataja bei. Nyani hakusuka wala hakushona, lakini katika kila malipo matano, moja lilikuwa hongo yake.

Siku moja akaja Fisi, akataka bendera ya kutambulika kutoka mbali. Mnana akasema doti mbili za kitambaa. Chiriku akadakia: moja! Tetere akashuka hadi shuka, nusu ya doti. Fisi akatulia kimya akiangalia juu, maana kazi ya kumpunguzia bei mafundi walikuwa wakiifanya wenyewe. Mwisho Kwale, ambaye wanawe hawakuwa wamekula tangu jana, akaomba khete kumi za ushanga. Fisi akampa kazi, akaongeza: "Na jina lako nitalitangaza hadi Ujiji."

Kwale aliifanya kazi vizuri, hilo lazima lisemwe. Aliloweka magome, akayachana kwa mdomo uzi mmoja mmoja, akapanga manyoya mekundu kwenye pindo. Fisi akaitazama.

"Ipanue kidogo."

Ikapanuliwa.

"Wekundu umezidi."

Ukapunguzwa.

"Hebu irudishe ilivyokuwa mwanzo."

Siku nne zikaishia hapo, kwa malipo yale yale. Nyani akachukua khete zake mbili. Zile nane Kwale akazipeleka kwa Bibi Swala, muuza mtama. Bibi akazinusa, akamrudishia. "Mwanangu, ushanga mweupe haupokewi tena hapa. Msimu huu watu wanataka mwekundu."

Akirudi, akaitwa na Kobe, mpagazi mzee. "Njoo, mjukuu wangu. Sisi wapagazi wa Unyamwezi tulibeba frasila mbili kwenda pwani, na hatukuinua mzigo kabla ya kupatana ujira na posho. Mwenye msafara akigeuka njiani, tuliweka mizigo chini. Wewe ulihesabu nini?"

Kwale hakuwa amehesabu chochote. Wakahesabu pamoja: siku ya kutafuta magome, siku za kusuka, chakula cha watoto, marekebisho mawili bila la tatu, na fungu la Nyani. Ikafika doti mbili na shuka moja, kupita hata bei ya Mnana. Mnana akasikia, akashuka tawini. Kumbe naye miaka yote alikuwa akikisia tu.

Mafundi wote wakakubaliana bei hiyo. Msafara uliofuata ukatajiwa, ukaondoka. Wa pili vile vile. Njaa ikauma, Tetere akataka kurudi kwenye shuka yake, wenzake wakamchangia mtama ili asirudi. Wa tatu ulikuwa wa Pundamilia. Alinung'unika, akaitazama kazi tena, akalipa nusu kabla ya uzi wa kwanza kuchanwa.

Vijana wa Kigwa na Tabora mnaochora nembo na kuhariri video kwa wateja msiowaona: katika mitandao ya leo ipo inayokata moja katika tano, kama Nyani. Kabla hujatuma bei, andika karatasini bando, umeme, siku zako na mara utakazokubali kurekebisha. Kisha mpigie mwenzako, umuulize yeye anatoza ngapi.