Toa Kidole Kwenye Kitufe: Namna ya Kuchagua Shujaa wa Gemu

Kabla ya yote, toa kidole kwenye kitufe. Gemu ndiyo kwanza imewaka, skrini inakuuliza shujaa wako awe mwanamume au mwanamke, na wewe tayari umeinama na pedi yako, unataka kubonyeza ukapigane. Subiri. Mtu huyu utakaa naye saa hamsini, pengine mia, na mgongo wake utautazama kuliko unavyotazama uso wa ndugu yako. Mchumba huchunguzwa kabla ya posa. Na huyu achunguzwe.

Anza na yule uliyemkuta amesimama kwenye skrini kabla hujagusa chochote. Hakufika pale peke yake. Kuna watu walikaa ofisini wakaamua awe yeye, na uamuzi wao una nguvu kuliko tunavyodhani. Chukua Mass Effect ya kampuni ya BioWare. Tangu ilipotoka mwaka 2007, Kamanda Shepard aliweza kuwa mwanamume au mwanamke, lakini aliyepamba kava na matangazo kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamume. Baada ya sehemu ya tatu kutoka mwaka 2012, BioWare walitoa hesabu: waliocheza na Shepard wa kike walikuwa asilimia 18. Gemu hizo zilipokarabatiwa na kutolewa upya mwaka 2021, hesabu ikapanda hadi asilimia 32. Shepard wa kike alikuwa yule yule, na sauti ile ile ya Jennifer Hale, ambayo kwangu ni kati ya sauti bora zilizowahi kuingia kwenye gemu. Naamini kilichobadilika ni kwamba waliomsikia waliwaambia wenzao. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: usikubali kuchaguliwa na kava.

Ukishamchukua, mwangalie anavyokaa. Shepard wa kike akivaa gauni huketi kwa kutanua magoti kama mzee aliyefika barazani, kwa sababu miondoko yake ilitengenezwa kwa mwili wa mwanamume kisha akavishwa yeye. Cheka, kisha elewa kilichotokea: alipewa nafasi, hakupewa mafundi wa kutosha.

Hapo ndipo utakutana na hoja ya gharama, na uwe na jibu. Mwaka 2014, Ubisoft walipokuwa wakiitangaza Assassin's Creed Unity, waliulizwa kwa nini wachezaji wanne wanaoshirikiana wote wawe wanaume. Wakasema kumtengeneza mwanamke kungeongeza kazi mno: miondoko mingi, mavazi mengi. Jonathan Cooper, fundi wa miondoko aliyewahi kufanya kazi kwenye Assassin's Creed III, akajibu hadharani kwamba kwa makadirio yake ni kazi ya siku moja au mbili. Na jambo linalonikera mpaka leo ni hili: gemu hiyo inahusu wauaji wa siri katika Mapinduzi ya Ufaransa. Muuaji mashuhuri kuliko wote wa mapinduzi hayo ni Charlotte Corday, aliyemchoma kisu Jean-Paul Marat ndani ya beseni la kuogea mwaka 1793. Historia iliwaletea shujaa mlangoni, wao wakahesabu gharama za sketi.

Akija mwenzako na hoja kwamba enzi za kale wanawake hawakupigana, mkalishe, mpe chai, umsimulie habari za kaburi la Waviking la Birka kule Sweden. Lilichimbuliwa karne ya 19 likiwa na upanga, shoka, mikuki, mishale na farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu walilihesabu kuwa kaburi la mwanamume, maana silaha zilikuwepo. Mwaka 2017 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba aliyezikwa pale ni mwanamke. Basi katika Assassin's Creed Valhalla ya mwaka 2020, inayohusu Waviking, ukimchukua Eivor wa kike huhitaji kuomba radhi kwa yeyote.

Wapo wanaume wanaosema humchagua mwanamke kwa sababu, kama ni lazima kutazama mgongo saa sitini, heri uwe mgongo mzuri. Karibuni, ila msiishie mgongoni. Chezeni Assassin's Creed Odyssey ya mwaka 2018 na Kassandra, katika Ugiriki ya mwaka 431 kabla ya Kristo. Maneno yake na ya kaka yake Alexios, ambaye ndiye chaguo la kiume, karibu yote ni sawa, lakini mwigizaji wake wa sauti, Melissanthi Mahut, ameyapa uchovu, utani na hasira ambavyo sijavisikia kwa Alexios. Mwaka 2020 shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba waandishi wa gemu hiyo walitaka Kassandra awe shujaa pekee, wakaambiwa na wakubwa kwamba mwanamke peke yake hauzi. Horizon Zero Dawn, yenye shujaa mmoja tu, binti aitwaye Aloy, ilikuwa imeshatoka mwaka mmoja kabla ya Odyssey, na imeuza nakala zaidi ya milioni 20.

Kwenye vibanda vyetu vya gemu somo hili lina sehemu rahisi na sehemu ngumu. Rahisi ni Tekken. Kijana akimchukua Nina Williams hakuna anayemuuliza kwa nini. Anaulizwa kama anajua kumtumia, na akishinda anabaki kwenye kiti. Hivyo ndivyo ninavyotaka iwe kila mahali. Ngumu ni mpira. FIFA 16, ya mwaka 2015, ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo kuleta timu za wanawake, timu 12 za taifa. Ukichukua timu ya wanawake mbele ya foleni ya vijana, utazomewa. Wacha wazomee, wewe piga pasi. Ukifunga, shangilia kama kawaida yako, bila hotuba.

Kwa wale wasioweza kuamua, ipo Rust. Tangu mwaka 2016 gemu hiyo hukupangia mwili, wa kiume au wa kike, kwa kufuata namba ya akaunti yako, na hakuna kubadilisha. Baadhi ya wanaume walilalamika kwamba wamelazimishwa kuwa mtu wasiyemtaka. Nawaelewa kabisa, na ningependa wakae na hisia hiyo kwa muda, maana dada zao waliishi nayo kwenye gemu karibu zote tangu miaka ya themanini. Pokémon yenyewe, gemu ya watoto, ilikaa hadi toleo la Crystal lililotoka Japani mwaka 2000 ndipo msichana akaweza kucheza kama msichana.

Ukimaliza gemu, ianze upya na yule uliyemwacha, kwenye nafasi nyingine ya kuhifadhia, usije ukafuta safari ya kwanza. Na dada yako mdogo akikuomba pedi, mpe ikiwa kwenye skrini ya kuchagua mhusika, usiwe umeshamchagulia wewe. Akitumia nusu saa nzima kwenye nywele, kaa pembeni unywe maji.