Tumekukosa, Mzee!

Wiki hii nimekumbukwa sana. Nimekumbukwa na watu wa kuku wa mayai, nimekumbukwa na watu wa hatifungani, nimekumbukwa na kijana mmoja anayewafundisha watu namna ya kuwa wafundishaji. Wote wameniandikia kwa jina, wote wananiita mpendwa, wote wanasikitika kwamba sikutokea kwenye webina yao. Mke wangu, ambaye naishi naye nyumba moja hapa Picha ya Ndege, Kibaha, hajaniuliza hata siku moja nilikuwa wapi. Imeili zinauliza.

Na chini ya kila imeili, kwa herufi ndogo za kijivu, kuna maneno haya: "Ujumbe huu umetumwa na mfumo. Tafadhali usijibu." Hapo ndipo roho inaponichemka. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwamba salamu ni deni. Ukimpa mtu shikamoo, hubanduki mpaka akupe marahaba yako. Akinyamaza unairudia kwa sauti, akinyamaza tena unauliza kama anaumwa. Huyu ananiuliza habari za siku nyingi, na kabla sijafungua mdomo ananiambia nisijibu. Sasa habari zangu aliziulizia nini?

Kwa bahati mbaya mmoja wa wanaotengeneza mambo haya anakula kwangu. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana mwenye akili na adabu zake. Anashinda Maili Moja kwenye chumba cha kupanga, na laptopu, akimfanyia kazi bwana mmoja anayeuza vifaranga, chakula cha kuku na, siku hizi, maarifa ya kuku kwa njia ya mtandao. Jioni moja nikambana anieleze. Akanigeuzia laptopu. Kioo kizima kilijaa visanduku vilivyounganishwa kwa mishale.

"Hiki cha kwanza ni fomu, Mjomba," akaanza. Mtu akijaza jina, imeili na namba ya simu, mshale mmoja unayabeba kwenda kwenye jedwali. Mshale wa pili unampeleka Zoom akasajiliwe na kupewa linki yake mwenyewe. Wa tatu unampeleka kwenye programu ya kutuma barua, nayo inamkaribisha, inamkumbusha siku moja kabla, inamkumbusha tena saa moja kabla. Webina ikiisha, Zoom inatoa orodha ya walioingia na wasioingia, na mishale inawagawa: aliyeingia anatumiwa shukrani na bei ya vifaranga, asiyeingia anatumiwa "Tumekukosa!", kisha rekodi, kisha "Nafasi ya mwisho", kisha "Nafasi ya mwisho kabisa".

"Na nani anabonyeza?"

"Hakuna anayebonyeza, Mjomba. Ikitokea hivi, inafanya vile. Yenyewe."

Akanipa na historia, maana kijana huyu anaijua kuliko ya ukoo wake. Kuna kampuni iitwayo Zapier, kazi yake ni kuunganisha tu programu za wenzake, ilianzishwa mwaka 2011 na vijana watatu wa Columbia, Missouri, kule Marekani. Kuna Mailchimp ya Atlanta, ya mwaka 2001, kazi yake kutuma barua kwa mkupuo. Mwaka 2021 kampuni ya Intuit ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 12 hivi. Hiyo bei aliitaja huku amekaa wima, utadhani kamisheni yake iko njiani.

Umeme ukakatika tukiwa hapo hapo. Nikamwambia basi, angalau leo watu watapumzika. Akacheka. Mitambo yenyewe iko huko ng'ambo, haina habari na transfoma yetu. Kibaha nzima ilikuwa gizani na barua zinaendelea kwenda.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kabla ya mishale hiyo nilimwona kijana huyu akinakili majina ya watu kutoka kundi la WhatsApp mpaka saa nane za usiku, mmoja mmoja, anamtumia huyu linki, anamsahau yule, anamtumia mwingine mara mbili, anasinzia na simu kifuani. Sitaki arudi huko. Mashine imempa usingizi na mimi nimeokoa mafuta ya taa. Kelele zangu zinaanzia pale barua zake zilipovuka kwenda Kisarawe.

Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja wa Pwani, lakini mimi nikitaka kwenda ukweni kwa daladala huwa naingia kwanza mkoa wa watu: nashuka Mbezi, nahangaika hadi Gongo la Mboto, napanda Pugu, ndipo nakata kwenda Kisarawe. Barua ya mpwa wangu inakwenda huko kwa kupitia Marekani, na inanitangulia.

Baba mkwe anaishi Masaki. Si ile Masaki ya mabalozi, Dar es Salaam. Hii yetu ina mikorosho. Ana korosho zake, mihogo yake na kuku kadhaa, na mwaka huu akasema anataka kufuga kisasa. Akasikia habari za webina, akaenda Kisarawe mjini kwenye steshenari kujazwa fomu. Imeili hana, kwa hiyo kijana wa steshenari akaweka ya kwake, anavyowawekea nusu ya wilaya wanaokuja kuomba ajira na mikopo ya chuo. Kwenye kisanduku cha jina la kwanza, mkwe akasema aandikwe anavyoitwa na watu. Akaandikwa Mzee. Kwa hiyo barua ya kwanza ikaja "Mpendwa Mzee", na hapo kwa kweli mashine iliuokota ustaarabu njiani, maana jirani yangu aliyeacha kisanduku wazi aliandikiwa "Mpendwa JINA_LA_KWANZA", akaniletea simu nimwambie hilo ni jina la dini gani.

Barua ya mkwe ilisema webina itaanza saa 8:00.

Mashine huhesabu saa tangu katikati ya usiku, sisi tunahesabu tangu asubuhi kukicha. Tofauti ni saa sita kila siku na haijawahi kuwa siri kwa mtu yeyote wa nchi hii. Mpwa wangu alipanga shughuli yake saa mbili usiku. Programu, kwa Kizungu chake, ikaita saa nane. Kiswahili cha kuzunguka aliandika yeye, namba ikachomekwa na mashine, na neno la kuonyesha ni usiku likabaki njiani. Mkoa wa Pwani, kuanzia Mafia mpaka Chalinze, saa nane ni baada ya kula wali.

Saa saba na nusu mchana mkwe alikuwa steshenari, amevaa koti na kofia ya kiua. Akanunua bando. Akakalishwa mbele ya kompyuta, kioo kikamwambia kwa Kiingereza asubiri mwenyeji aanze mkutano. Akasubiri. Wanafunzi wakaja kutoa kopi wakaondoka. Akaenda kuswali alasiri akarudi, mwenyeji bado. Magari ya kupanda Masaki yalipokaribia kwisha akaaga, akaacha salamu kwa mwenyeji.

Saa mbili usiku webina ikaanza. Watu wakaongea kuhusu kideri, chanjo na bei ya mashudu. Ilipoisha, mashine ikakagua orodha yake, ikaona Mzee hayumo.

Asubuhi kijana wa steshenari akafungua imeili, akaona barua ya mteja. Yeye barua ya mteja huwa anaiprinti, shilingi mia tano ukurasa. Ilikuwa na kurasa mbili. Wa pili una nembo tu na maneno "Jiondoe hapa". Akaiprinti yote, akaikunja, akampa bodaboda anayekwenda Masaki, na bodaboda naye ana bei yake.

Nimeiona karatasi hiyo kwa macho yangu. Juu kabisa, kwa herufi nene: "TUMEKUKOSA, MZEE!" Chini yake picha ya msichana wa Kizungu aliyevaa spika za masikioni, anacheka, kuku hamna. Chini tena mstatili wa buluu ulioandikwa "BOFYA HAPA". Mkwe alinionyesha mstatili huo akaniambia ameubofya, kwa adabu, kwa kidole gumba, na kwamba anangoja. Macho yake yalikuwa yanacheka. Mzee huyu si wa kuchezewa.

Kisha akaigeuza karatasi. Nyuma alikuwa amejibu kwa kalamu ya wino, mwandiko umelala vizuri: "Wanangu, mimi nilikuwepo, nina shahidi. Ninyi ndio hamkuwepo. Kama mlipata dharura semeni, dharura ni za watu wote. Swali langu ni moja tu: kuku wangu wanakula mayai yao wenyewe. Nifanyeje?"

Jibu hilo alilipeleka steshenari. Likachapwa, kwa malipo, likatumwa kulikotoka barua. Dakika haikuisha, ikarudi taarifa ya Kiingereza kwamba anwani hiyo haipokei kitu. Kijana akaiprinti na hiyo.

Ndipo mkwe akanipigia simu. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaulizana hali za nyumba zote mbili, kisha akauliza taratibu: "Mkwe, hawa watu wa kuku ni jamaa zako?" Nikajikohoza. Akasema, "Mtu akikuandikia halafu hataki umjibu, ama anakudai ama ana lake jambo." Wakati tunaongea, "Nafasi ya mwisho" ilikuwa ipo juu ya bodaboda.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo mapya. Mei 3, 1978, afisa masoko mmoja wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, aliwatumia watu wapatao 400 barua moja kwa mpigo kwenye mtandao wa ARPANET, babu yake intaneti. Watu wakawaka. Hiyo ndiyo inayohesabiwa barua taka ya kwanza duniani, na ilikuwa inahusu nini? Ilikuwa inawaalika watu kwenye maonyesho ya kompyuta mpya kule California. Mwaliko! Tangu siku hiyo ni mwendo wa kualikana tu.

Hata tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ana afadhali katika hili. Mjibu uone: anajibu papo hapo, kwa heshima, na anakuulizia watoto. (Msimjibu. Tumeni ujumbe wake kwenda 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano, ukatumike kumshughulikia.) Na sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Mkwe hana shida ya kukataa. Mkwe anataka kujibiwa habari za mayai.

Isitoshe hii ni Kibaha. Watu wamefundishwa kulima na kufuga hapa tangu ule mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, uliokabidhiwa kwa serikali mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mkulima alikuja na swali lake na akamkuta mtu. Baada ya miaka yote hiyo, mkulima wa Masaki anauliza swali lake nyuma ya karatasi na linagonga ukuta.

Nikarudi kwa mpwa wangu. Nikamuuliza: mishale yote hii inatoka huko kuja kwa watu, hakuna hata mmoja unaoweza kutoka kwa watu ukarudi?

Akainama. "Inawezekana, Mjomba. Ni kisanduku kimoja tu cha kujaza, unaweka anwani ya kupokea majibu."

"Sasa mbona hukukijaza?"

"Bosi alisema majibu yatakuwa mengi."

Kumbe! Mimi nimeitukana mashine wiki nzima na mashine haina kosa. Mashine ilikuwa tayari kupokea. Kuna mtu mzima, amekaa kwenye kiti chake, ameona watu mia kadhaa wanaweza kumuuliza habari za kuku anaowauzia, akasema hapana, waambieni wasijibu.

Swali la mkwe lilijibiwa na bwana mifugo wa kata, kwa simu, akiwa juu ya pikipiki. Ongeza viota, viwekwe penye kiza, okota mayai mapema, na chakula kiwe na chokaa ya kutosha ili ganda liwe gumu. Maongezi yote, pamoja na salamu, hayakumaliza salio la shilingi mia tano, ambayo ni bei ya ule ukurasa wenye nembo peke yake.

Basi ninyi mabosi wa webina, unganisheni mtakavyo, sina ugomvi na mishale. Lakini saa iandikwe "saa mbili usiku", kwa maneno, isomeke na kila mtu. Kile kisanduku cha majibu kijazwe, na pawe na namba ya simu inayopokelewa na binadamu. Na gharama za kuprinti za Mzee wa Masaki zirudishwe. Anapokea kwa simu, na mkimtumia atawajibu.